Hilux 3L inagoma asubuhi, moshi mweupe unachoma macho. Fundi anasema nishushe injini

#1 ViaziMviringo
Wakuu habari. Hilux LN106, injini 3L, mkono wa tatu, iko Njombe, kazi yake ni kutoa viazi shambani hadi lami. Dalili:

Asubuhi stata inazunguka sekunde 15 hadi 20 ndipo injini ishike. Ikishika inatetemeka, inamisi (haichomi sawasawa), moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi. Dakika nne hivi moshi unakata, injini inatulia, na mchana kutwa ukigusa tu ufunguo inaitika. Maji ya rejeta hayapungui. Oili inapungua nusu lita kwa kilomita 2,000 hivi. Mlimani imelegea lakini inapanda.

Vilivyobadilishwa: chujio la dizeli, betri, hita plagi (za kupasha chumba moto kabla ya kuwasha) "zote". Fundi anasema kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) imekwisha, injini ishuke, ringi mpya na bloku ichongwe. Kabla viazi vya msimu mzima havijageuka bloku, nauliza kuna cha kupima kwanza?

#2 Spana17
Hizo alama za kunukuu kwenye "zote" zimejibu swali lako nusu. 3L ina chumba cha pembeni cha kuchanganyia mafuta, hewa ikibanwa joto linanyonywa na kuta za chumba kile. Bila hita plagi, hata ukiwa na ugandamizo wa 22 kwa 1, asubuhi ya Njombe haishiki vizuri.

Pima hivi: fungua bati linalounganisha plagi zote nne, litoe kabisa. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu iko hai, isiyowasha imekufa. Ukiwa na multimita, plagi nzima inasoma chini ya omu 2 au hapo hapo. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, uone nyaya zake zinakula ngapi, utoe.

Na taa ya koili kwenye dashibodi isikudanganye. Ile inazimwa na taima. Plagi zote zikiwa zimekufa bado itawaka na kuzima kwa adabu zote.

#3 MzeeWaDizeli
Spana17 yuko sawa lakini kakimbia. Kwanza swali: ukiliegesha gari mdomo ukiangalia mlimani, na ukiliegesha mdomo ukiangalia bondeni, asubuhi tofauti ipo?

#4 ViaziMviringo
Mzee umejuaje! Likilala mdomo juu ndiyo balaa lenyewe. Mdomo chini linashika baada ya sekunde 6 au 7.

#5 MzeeWaDizeli
Basi usishushe kitu. Usiku dizeli inarudi tangini. Tangi liko nyuma. Mdomo ukiwa juu, tangi linakuwa chini ya pampu, na panapovuja hewa kidogo tu safu nzima ya mafuta inashuka. Mdomo ukiwa chini, mafuta yanabaki pampuni.

Hewa inaingia sehemu ambazo hazivujishi dizeli kwa nje, ndiyo maana mafundi hawazioni. Anza na ile pampu ya mkono juu ya chujio: diaframu yake ikichoka inanyonya hewa kimyakimya. Halafu oringi ya chujio jipya (hakikisha ya zamani haikubaki juu zikawa mbili), hozi za mpira kati ya chesisi na chujio, na vihozi vidogo vya marejesho juu ya nozeli (vinyunyizio vya dizeli) pamoja na kile kifuniko cha mwisho nyuma kabisa. Vihozi hivyo vinakauka na kupasuka, havina mtu anayevikumbuka.

Uthibitisho: weka hozi angavu kati ya chujio na pampu, washa, tazama. Vipovu vichache mwanzoni si kitu. Vikifuatana kama uji unaochemka, umempata mwizi.

#6 FundiPampu_Mby
Njia fupi zaidi ni dumu. Dumu safi la lita 5 lenye dizeli, liweke juu kuliko pampu, hozi moja iingie moja kwa moja kwenye pampu na ya marejesho irudi dumuni. Umeruka tangi, mabomba na chujio. Liache hivyo usiku kucha, limefungwa lisidondoke. Asubuhi ikishika mara moja, tatizo liko kati ya tangi na pampu. Isiposhika, hewa haina kesi. Ni kipimo tu, usiendeshe gari na dumu kwenye bodi kama wale wa daladala za zamani.

#7 Nyundo_Kubwa
Mnamzungusha jamaa. Oili inapungua, nguvu imeshuka, inagoma ikiwa baridi. Hizo ni ringi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kiweke kimepinduliwa juu ya tundu lake. Kikicheza ngoma na kuruka, shusha injini.

#8 Spana17
Nusu lita kwa kilomita 2,000 kwa 3L ya mkono wa tatu ni kikohozi, si kifua kikuu. Na moshi wa oili ni wa bluu, huyu kasema mweupe unaochoma macho. Mweupe wa kuchoma macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe wenye harufu tamutamu ndio wa kulanti (maji ya rejeta), hapo ungeongelea gasketi au hedi iliyopasuka, ila maji hayapungui. Mweusi ni mafuta mengi au hewa haba.

#9 BintiGereji
Nakubali hewa ipo, lakini Mzee hajamaliza. Hewa inaeleza kwa nini stata inazunguka muda mrefu. Haielezi kumisi dakika nne. Injini ikishashika, hewa inatoka yote ndani ya nusu dakika na mlio unanyooka. Kinachoisha kadiri injini inavyopata moto ni ugonjwa wa joto: plagi, nozeli, taimingi (wakati wa mafuta kuingia) au kompresheni. Hapa kuna magonjwa mawili.

ViaziMviringo, asubuhi ikiwa bado inamisi, chukua spana namba 17, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, robo mzunguko, kitambaa juu yake. Ukilegeza silinda nzima, injini inayumba zaidi. Ukilegeza ambayo haifanyi kazi, mlio haubadiliki. Kaza, nenda inayofuata. Silinda ya kwanza ni ya upande wa feni.

#10 D4D_Mtaani
Hiyo ya kulegeza nati hata kwenye Hilux ya D-4D (dizeli mpya za Toyota) inafanya kazi.

#11 FundiPampu_Mby
#10 FUTA HIYO. Kwenye reli ya pamoja (common rail) ya D-4D presha inapita mara kumi ya hizi nozeli za zamani. Mchirizi unapenya ngozi, dizeli inaingia mwilini, mtu anapoteza kidole au mkono. Kwenye D-4D unasoma marejesho ya kila nozeli kwa vichupa, na mashine ya kusomea. Hata kwenye 3L usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka.

#12 D4D_Mtaani
Nimeelewa mkuu, nimeondoa kauli.

#13 Nakuru_Diesel
Salamu kutoka Kenya. Nobody amegusa kile kikopo kando ya pampu kinachopita maji ya rejeta? Hapa makanika wengi hukikata, wanaunganisha zile hozi mbili pamoja ati zinavuja. Ndani kuna nta. Injini ikiwa baridi nta imesinyaa, na kikopo kinafanya kazi mbili: kinasogeza taimingi ya pampu mbele na kuinua sailensa kidogo. Maji yakipata moto nta inavimba, kila kitu kinarudi kawaida. Kikikatiwa maji, nta haivimbi, taimingi inabaki mbele na sailensa juu hata mchana. Kikikwama upande wa moto, asubuhi mafuta yanaingia kwa kuchelewa, yanakutana na pistoni ikianza kushuka, hayaungui yote. Hapo unapata moshi mweupe na macho yanawasha. Angalia kama hozi ziko mahali pake, na kama sailensa ya asubuhi iko juu kuliko ya mchana.

#14 MzeeWaDizeli
Nakuru hapo umenena. Nyongeza: kama kuna fundi aliyewahi kutoa thamostati "ili gari isichemshe", irudishwe. Inaanza kufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo injini ya Njombe mwezi wa saba inafika shambani bado ya vuguvugu. Halafu kwenye Toyota nyingi thamostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mzigo mzito gari inachemsha kuliko awali. Wanaotoa thamostati wanatibu rejeta iliyoziba kwa kuvunja kipimajoto.

#15 Kombe_la_Chai
Njia ya haraka: kitambaa chenye petroli mdomoni mwa chujio la hewa. Inashika hapo hapo.

#16 BintiGereji
Inashika, na inavunja. Ukifanya hivyo plagi zikiwa nyekundu, petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Ringi zinakatika, kingo za pistoni zinamomonyoka. Injini inazoea, kila asubuhi inadai dozi, kisha Nyundo_Kubwa anapata kazi aliyokuwa anaitaka.

#17 Nyundo_Kubwa
Mimi nipo tu, nasubiri.

#18 Spana17
Na kuisukuma je? Wengine wanashtua kwa gia ya rivasi kwenye mteremko. 3L ina mkanda wa taimingi, na mshtuko ule wa ghafla unaupiga. Mkanda mzee unaweza kuruka jino, au kukatika kabisa, na hapo valvu zinakutana na pistoni. Mkanda wenyewe unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi ndiyo kazi yake. Kwa gari ya mkono wa tatu usiamini dashibodi, fungua kifuniko cha juu uutazame.

#19 ViaziMviringo
Wakuu shukrani. Majibu ya siku mbili:

1. Balbu: plagi 1, 2 na 3 zinawasha. Ya 4 haiwashi. Niliitoa, ni ya zamani, ina kutu, haikuwahi kubadilishwa.
2. Nati ya bati upande wa plagi ya 3 ilikuwa imelegea, unaizungusha kwa vidole.
3. Kulegeza mabomba asubuhi: silinda ya 4 mlio haubadiliki. Baada ya dakika kama tatu inaanza kubadilika.
4. Kikopo cha nta: hozi zimekatwa, zimeunganishwa pamoja kwa kipande cha bomba la shaba. Nakuru wewe ni mganga.
5. Hozi angavu: vipovu vinafuatana sekunde 20 hivi, kisha vinakata.
6. Thamostati haipo.

Nimenunua plagi moja ya 4. Kabla sijaifunga, kuna la kuangalia?

#20 Spana17
Soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wa plagi, zifanane zote nne na mfumo wa gari. Ukiweka ya volti 6 kwenye mfumo wa volti 12, ncha inavimba ndani ya hedi na haitoki tena kwa uzuri. Tundu la plagi lisafishe masizi kwanza. Kaza kwa mkono mwepesi, hedi haikupi nafasi ya pili.

Na tundu likiwa wazi, pima kompresheni. Toa plagi zote nne, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili mafuta yasiingie, betri iwe imejaa, kanyaga eksileta mpaka mwisho, zungusha kila silinda mizunguko ileile. Kitabu cha 3L kinasema kilo 32 kwa sentimita ya mraba ikiwa nzima, kikomo cha chini 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Kipimo cha petroli usikilete, sindano itazunguka mpaka iume mkia.

#21 ViaziMviringo
Nimepima, injini ikiwa ya moto: 26, 25, 25, 19.

#22 Nyundo_Kubwa
Hodi.

#23 FundiPampu_Mby
Subiri wewe. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na Dar. 32 ya kitabu ukiipeleka Njombe inasomeka 25 na kidogo. Kwa hiyo silinda tatu za huyu mtu ni kama mpya! Ya 4 yenye 19, ungeishusha pwani ingesoma 24. Kikomo kinavuka.

#24 BintiGereji
Kikomo cha chini kinavuka, lakini tofauti haivuki. Kutoka 26 hadi 19 ni 7, na mwinuko unapunguza zote sawasawa. Silinda ya 4 ina jambo lake, iwe Njombe au Tanga.

#25 Nyundo_Kubwa
Mwagia kijiko cha oili silinda ya 4, pima tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

#26 FundiPampu_Mby
Hiyo ni sheria ya petroli. Kwenye dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni finyu sana. Oili kidogo inaipunguza yenyewe na usomaji unapanda hata ringi zikiwa mpya. Ukizidisha, oili haibanwi, unapinda konrodi. Bora umvujishie upepo wa kompresa silinda ikiwa juu, valvu zimefunga, usikilize: ukilia kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye egzosi ni valvu ya egzosi, kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya kuingiza, vipovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi.

#27 MzeeWaDizeli
Kabla ya kompresa, pima nafasi za valvu, hazigharimu kitu. Injini baridi: kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, egzosi 0.40 hadi 0.50. Valvu ya egzosi ya 4 ikizama kwenye kiti chake nafasi inapungua, haifungi vizuri. 3L inarekebishwa kwa kubadilisha visahani juu ya tapeti, na mafundi wa barabarani hawavipendi kwa sababu lazima upime, utoe, utafute saizi.

#28 Spana17
Mzee, valvu iliyobana ingezidi kuvuja ikipata moto, maana shina linarefuka. Gari hii inapona ikipata moto.

#29 MzeeWaDizeli
Inapona mlio. Kompresheni kapima ya moto, ikatoka 19. Na moto wa chumba unafidia mengi. Sijashawishika.

#30 Mwanapwani_TZ
Dizeli yenyewe mnaiamini? Viazi shambani, dizeli ya madumu barabarani. Ikichanganywa mafuta ya taa inakosa utelezi, na pampu ya 3L inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Pampu ikilika, presha ya ndani inashuka, taimingi inachelewa, moshi mweupe asubuhi.

#31 Nakuru_Diesel
Kwetu 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita kuua mchezo huo.

#32 Mwanapwani_TZ
Kwetu vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) vilianza 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kituoni afadhali. Dumuni ni imani. Fungua bolti ya chini ya chujio, kinga kwenye chupa ya maji, iache saa moja. Maji yanakaa chini, utayaona kwa mstari.

#33 D4D_Mtaani
Swali la pembeni, oili gani? Kama ni 20W-50 kwa baridi ya huko, stata inasukuma uji.

#34 ViaziMviringo
Ni 20W-50 kweli. Nabadilisha kwenda 15W-40.

#35 BintiGereji
Sawa. Na pima volti betrini wakati stata inazunguka, isishuke chini ya 9.6. Ikishuka na betri ni mpya, angalia waya wa hasi kutoka injini kwenda chesisi.

#36 ViaziMviringo
Mrejesho. Plagi ya 4 mpya, nati zimekazwa, thamostati imerudi, vihozi vya marejesho vipya vyote na diaframu ya pampu ya mkono mpya. Stata sekunde 3 hata mdomo juu. Volti inashuka hadi 10.1. Kwenye chupa maji hayapo. Moshi mweupe bado upo, dakika moja na nusu, na silinda ya 4 inamisi kidogo humo. Nafasi ya egzosi ya 4 ni 0.30.

#37 MzeeWaDizeli
0.30! Niliwaambia.

#38 Spana17
0.30 imebana, haijaziba. Bado kuna nafasi. Haielezi kilo 7.

#39 FundiPampu_Mby
Nozeli hamjaigusa. Zipelekwe mezani: kwa 3L zilizotumika zifunguke kati ya kilo 105 na 125, zinyunyize ukungu kwa mlio mkali, zisidondoshe tone. Nozeli inayodondosha inaosha ukuta wa silinda, oili inakimbia, kompresheni inashuka yenyewe. Kabla ya meza, hamisha ya 4 iende 2 na ya 2 ije 4. Kumisi kukihamia silinda ya 2, mkosaji ni nozeli. Kukibaki 4, rudini kwenye valvu na ringi zenu. Vesheli (washa) za chini ya nozeli ziwe mpya, angalia upande unaotazama juu kabla ya kuitoa ya zamani, na usiweke mbili.

#40 Nakuru_Diesel
Na hozi za kikopo mzirudishe kabla ya hayo yote. Mnapima injini iliyokatwa mguu mmoja.

#41 Nyundo_Kubwa
Ringi.

#42 ViaziMviringo
Hozi narudisha leo jioni. Vesheli za nozeli zimeagizwa Makambako, zinakuja na basi la kesho. Nitahamisha nozeli peke yake, kisha hozi peke yake, au vyote siku moja?

#43 BintiGereji
Kimoja kwa siku. Hozi kwanza. Na yule fundi wa plagi "zote" mwambie akurudishie hela ya moja.